Kahawa Isiyopita Mdomoni

Nyumbani kwetu kahawa ilikuwa ya kulima, si ya kunywa. Sikuambiwa sheria hiyo siku moja na mtu mmoja. Niliikuta tu, jinsi nilivyoikuta milima ya huku na mvua ya alasiri. Tulikuwa Wasabato wa kilima kilicho juu ya Nyakoe. Nguruwe hatukula, pombe hatukugusa, tumbaku tuliwaachia wazee waliokataa kubatizwa. Na kahawa, ambayo baba yangu alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kilimani kwetu kuruhusiwa kuipanda, ilikuwa baraka ikiwa mtini na dhambi ikishakaangwa. Tangu utotoni niliona jambo hilo halina kichwa wala miguu, lakini nani angemsikiliza mtoto wa kike?

Kwa lugha yetu ya Kigusii mama huitwa baba, na baba huitwa tata. Waswahili wa mjini walikuwa wakitucheka sana kwa hilo. Humu mama nitamwita mama, ili msomaji asipotee, kwa sababu ni yeye ninayetaka kumsimulia, na sitaki kumpoteza mara ya pili.

Tata, kabla hajaoa na kubatizwa, alifanya kazi jikoni kwa mzungu mmoja kwenye mashamba ya upande wa Nyansiongo. Kila asubuhi kazi yake ya kwanza ilikuwa kumpikia bwana yule kahawa. Alituambia kwamba kabla ya kikombe mzungu alikuwa hasemezeki, mkono unatetemeka, matusi yanamtoka ovyo, na baada ya kikombe anakuwa mtu. Tata aliijua harufu ya kahawa kuliko mtu yeyote kilimani, na hakuwahi kuitia ulimini. Alisema kitu kinachoweza kumshika mtu mzima namna ile hakiwezi kuwa kimetoka kwa Mungu. Lakini miche ilipoletwa, kabla ya Vita vya Pili, alikuwa wa mbele kuchimba mashimo kwa kipimo alichopewa na bwana shamba, na kutandaza majani ya migomba chini ya kila mti ili udongo usikauke.

Sisi watoto tulikuwa wachumaji. Tuliambiwa tuchume zilizoiva tu, nyekundu, moja moja, wala tusivute tawi zima kama mbuzi. Nilikuwa nikiziminya mdomoni, nainyonya nyama yake nyembamba na kutema mbegu kikapuni. Hiyo ndiyo kahawa yangu ya kwanza, nayo ilikuwa tamu. Siku moja mama alinikuta mashavu yamejaa. Nilingoja kofi. Yeye akasimama akafikiri, akasema tunda ni tunda, kilichokatazwa ni kinywaji, ila nisiteme mbegu chini.

Hivyo ndivyo mama alivyokuwa. Watu wengine huifuata sheria kwa woga, wengine kwa mazoea, lakini mama aliifuata kwa akili, akiipima mwanzo wake na mwisho wake. Ndani ya mpaka alikaa bila kunung'unika. Nje ya mpaka hakutia mguu. Na pale ambapo mpaka haukuchorwa, alijiona huru kabisa. Nilimpenda kwa hilo, na kwa hilo hilo nilimpoteza.

Nilipokuwa msichana wa kutosha kubeba mzigo, nilianza kutumwa mjini Kisii na ndizi. Mteja wangu mkubwa alikuwa mwanamke wa Kiislamu, mke wa muuza nguo na sukari. Bibi yake alitoka pwani, baba wa mume wake alikuja huku na jeshi kutoka mbali kaskazini, na wote sasa walikuwa watu wa Kisii tu, waliozaliwa hapo na waliotarajia kuzikwa hapo. Nyumba yao ilikuwa na baraza ya saruji, na asubuhi alikaa hapo akikaanga kahawa kwenye kikaango cha udongo, kisha anaitwanga pamoja na tangawizi, anaipika ndani ya dele la shaba. Aliniita binti, nami nilimwita mama wa mjini, kwa Kiswahili changu cha wakati ule ambacho kilikuwa cha kuokota okota.

Siku moja ya mvua ya mawe alinikaribisha barazani na kunitilia kahawa kwenye finjani. Nilifikiri itakuwa tamu, kwa kuwa niliyoijua ilikuwa tamu. Nilipoionja nikaitema kwenye kanga yake. Alicheka mpaka akashika mbavu, akanipa tende, akaniambia nianze na tende kisha nirudi kwenye kikombe. Mara ya pili niliimeza. Miezi ikapita, nikazoea, nikapenda, na hatimaye nikawa nautamani ule uchungu wake kuliko nilivyoutamani utamu wa tunda lake. Nikirudi nyumbani nilitafuna majani ya mpera njia nzima. Sikujiona mwenye dhambi, na hata leo sijioni.

Vita vilikwisha, na vijana waliobaki hai walirudi. Mama aliugua baada ya hapo, mimi nikiwa tayari nimeanza kuposwa na watu wa kilima cha pili. Kwanza yalikuwa maumivu chini ya mbavu za kulia, ambayo aliyaita kichomi na kuendelea kulima. Kisha akaacha kula, akawa anakisukuma chakula pembeni kwa adabu, kana kwamba mwenzake ndiye aliyekitaka. Halafu macho yake yakawa manjano. Nilimwona mchana mmoja akichambua mboga mlangoni, akainua uso kwenye jua, nami nikayaona.

Nilisema hospitali. Nilisema siku ile na siku zilizofuata. Mama alinijibu kwamba hajamwona mtu mwenye macho manjano aliyekwenda hospitali na kurudi kwa miguu yake, wote hurudi ndani ya blanketi. Hilo lilikuwa kweli, kwa sababu watu wetu walikuwa hawaendi mpaka roho imefika kooni. Tata naye alikuwa akingoja ishara. Mzee wa watu, alikuwa na imani nyingi na ujasiri kidogo.

Ishara ikaja sokoni Nyakoe, imevaa koti la kaki. Alikuwa mwanamume aliyerudi kutoka vitani Bama, ng'ambo ya bahari, ambako alikuwa dresa wa jeshi, mtu wa kufunga vidonda na kubeba ndoo. Alikuwa na sanduku la bati na maneno laini. Alimwambia tata kwamba ini la mama limeziba uchafu, na kwamba ameona kwa macho yake madaktari wa jeshi wakimtia askari kahawa kwa njia ya nyuma. Askari aliyekuwa amelegea kama kitambaa, alisema, aliinuka akaomba bunduki yake. Hadithi ile huenda haikuwa ya uongo. Niliwahi kuisikia tena baadaye kutoka kwa mtu mwingine aliyekuwa huko. Lakini askari aliyepoteza fahamu ni kitu kimoja, na mama yangu mwenye ini bovu ni kitu kingine, na yule bwana alijua kutofautisha mambo hayo kama ninavyojua mimi kuendesha ndege.

Ingekuwa familia nyingine, habari ingeishia hapo. Kwetu ilikuta kila mlango umefunguliwa. Magokoro, yaani bibi yangu, mama yake tata, alikuwa na kibuyu kidogo chenye shingo nyembamba kilichoning'inia juu ya mlango wa jiko. Kwa kibuyu hicho alikuwa akiwamiminia watoto maji ya majani, huko huko nyuma, kila tumbo lilipowakaza. Sote tulipita kwenye kibuyu hicho, na tata mwenyewe alikipitia. Kwa magokoro hapakuwa na jambo la kigeni, ni dawa tu iliyobadilika. Na kanisa nalo lilishatufundisha mambo ya tiba ya maji, taulo za moto kifuani na maji ya uvuguvugu ya kusafisha matumbo. Kilichobaki ni neno kahawa.

Tata akamwita mzee wa kanisa. Walikaa sebuleni, Biblia iko mezani, na mama amelala chumba cha pili ambako pazia tu lilitutenganisha. Waliongea muda mrefu. Mzee alisema kwamba mwili ni hekalu, tata akakubali. Mzee akasema kwamba katazo ni la kinywaji, na kinywaji ni kitu kinachonywewa. Tata akakubali tena. Ndipo sauti ya mama ikatoka nyuma ya pazia, ndogo lakini imenyooka.

"Haitapita mdomoni?"

Mzee wa kanisa alifikiri kidogo. "Haitapita, dada."

"Basi nifanyieni."

Lazima niseme ukweli kuhusu siku ile: tulifurahi. Tulikuwa tumechoka kukaa tu tukimtazama akipungua, na sasa tulikuwa na kazi ya kufanya. Magokoro alikishusha kibuyu chake akakiosha kwa majivu. Tata mwenyewe alichuma kahawa kwenye miti iliyo karibu na nyumba, buni zile zile ambazo kwa amri ya serikali hatukutakiwa kuweka nyumbani hata konzi moja, akazianika juu ya mkeka. Zilipokauka nikazitwanga kutoa maganda, nikazikaanga kwenye kigae. Hakuna aliyeniuliza nilijifunza wapi kukaanga. Mama aligeuza shingo kitandani akaniangalia kwa muda, akatabasamu kidogo, akafumba macho.

Alikuwa mwanamke mwenye haya. Alivuliwa na kugeuzwa na mama mkwe wake, na binti yake akimshika mabega, na hakulalamika. Kahawa ilikuwa nyeusi, na harufu yake ilijaa chumba kile ambamo haikuwahi kukanyaga. Baada ya muda mfupi macho yake yakang'aa. Alikaa. Aliomba uji, akanywa nusu bakuli. Kabla ya jua kushuka alikuwa amesimama mlangoni, mkono mmoja kwenye mwimo, akiuliza nani aliyeacha jembe shambani.

Sabato iliyofuata alikwenda kanisani kwa miguu yake. Watu walilia. Tata alisimama akatoa ushuhuda, ingawa alisema dawa tu, hakusema dawa gani. Nilimtazama mama akiimba, shingo yake nyembamba imetoka nje ya kola, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi niliimba na mimi.

Dresa wa Nyakoe alipoambiwa alisema tuongeze. Ini limeanza kufunguka, alisema, sasa lioshwe asubuhi na jioni, na kahawa iwe nzito. Tuliongeza. Tatizo likawa kwamba asubuhi mama aliamka kichwa kinamgonga, mikono inatetemeka, na hana maneno ya upole kwa mtu yeyote mpaka kibuyu kiletwe. Kikishapita, anatulia. Tata aliyaona hayo siku moja akiwa amesimama na kikapu mlangoni. Uso wake ulibadilika. Alisema polepole, kama anayejisemea, kwamba ni kama yule mzungu. Kisha akaenda zake shambani, na hakulitaja tena.

Mimi ninajua kwamba alielewa. Mama yangu, ambaye ulimi wake haukuwahi kuonja kahawa, alikuwa amekuwa mtumwa wake. Na kahawa haikumponya chochote. Ilimwamsha kila siku amalizie nguvu chache alizokuwa nazo, na ikamtoa maji mwilini mpaka ngozi ya mikono yake ukiivuta inabaki imesimama. Midomo ilipasuka. Damu ikaanza kutoka alikokuwa akimiminiwa, na magokoro akasema ni uchafu wa mwisho unaotoka. Nilimwambia magokoro kwamba yule ni mama yangu na si mtungi. Ni mara pekee niliyowahi kumjibu vibaya.

Nilipompelekea ndizi yule mama wa mjini, aliniona sina raha akaniuliza. Nikamweleza kwa Kiswahili changu kibovu. "Mama hapana kula. Mama natoka damu. Sisi natia yeye kahawa na kibuyu." Ilibidi nionyeshe kwa mkono. Aliweka dele chini.

"Huko nyuma? Nani kawaambia?" Akanishika kiganja. "Binti, mpelekeni hospitali leo, si kesho. Na kama ni kahawa mnataka impe nguvu, mpeni anywe, kwa kikombe, na sukari. Mwili umekauka, unataka kunywa."

Njia nzima nilikimbia, nikitembea tu pale kilima kiliponishinda. Nilimpa mama maneno yale kama nilivyoyapokea. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema hospitali haina haja, kwa kuwa anaendelea vizuri, na kuhusu kikombe, amekaa maisha yake yote bila kukionja, hawezi kuja kukionja wakati huu ambapo Mungu anamtazama kwa karibu. Nilimwambia Mungu hajali kikombe. Aliniambia ninyamaze, mwanangu, na kwa ile mwanangu nilijua kwamba anaogopa. Nilitoka nje nikakaa kati ya migomba na kulia kwa hasira.

Alipokuwa hawezi tena kuinua kichwa ndipo tata alipokubali. Ndugu zake na vijana wa kanisa walimfanyia machela ya miti na blanketi, tukateremka naye kuelekea mjini, tukipokezana. Alikuwa mwepesi mno. Vijana wale hawakuchoka hata kidogo, na jambo hilo ndilo lililonivunja moyo kuliko yote.

Hospitali walimpokea vizuri. Daktari alimfunua kope, akabonyeza tumbo, akavuta ngozi ya mkono ikabaki imesimama, akauliza amekuwa akipewa nini. Tata aliangalia chini. Mimi ndiye niliyesema. Daktari akaeleza kwa upole, na upole wake ulikuwa mbaya kuliko angetutukana. Ini, alisema, lilikuwa bovu siku nyingi, pengine hata yeye asingeliweza. Lakini ini lingechukua muda wake. Mama alikuwa anakufa kwa kukauka, na hilo tulimfanyia sisi. Alitaka kumlaza ajaribu maji ya mshipa, ingawa hakutuficha kwamba tumechelewa. Mama alisikia, akakataa. Alitaka kwake.

Tukambeba tena. Njia ilipita mbele ya nyumba ya yule mama wa mjini, na alipotuona alitoka akawaambia wabebaji waitue machela barazani wapumzike, jua lilikuwa kali. Alikuwa katikati ya kazi yake ya asubuhi. Kahawa ilikuwa imeshapikwa, na harufu ya tangawizi ilikuwa imetanda pale barazani. Mama alifumbua macho. Alizungusha uso mpaka akaliona dele.

"Ndiyo hiyo?" akaniuliza kwa lugha yetu.

"Ndiyo, mama."

"Nipe kidogo. Nataka kujua ikoje mdomoni."

Mama wa mjini hakuhitaji kutafsiriwa. Alimimina kwenye finjani, akaipoza kwa kuihamisha kutoka kikombe hiki hadi kile, akatia sukari, akapiga magoti kando ya machela. Nilimwinua mama kichwa. Kikombe kilikuwa kimefika karibu na midomo yake iliyopasuka wakati tata alipoweka kiganja chake juu yake.

Hakukipokonya. Aliweka tu kiganja, kama mtu anayefunika chungu. Alikuwa akilia, na sikuwahi kumwona akilia.

"Mama watoto," alimwambia, "umebakiza kona moja tu ya njia. Usilale na hii mdomoni. Siku ya kuamka nitakutafutia wapi?"

Kwa wasiojua, sisi tunaamini mtu akifa hulala, na kwamba kuna asubuhi moja ambapo waliolala katika Bwana wataamshwa pamoja. Tata alikuwa anaitaka asubuhi hiyo. Hakuwa mtu mkatili, na ningependa angekuwa, ningekuwa na mtu wa kumchukia. Alikuwa ameshampoteza mke wa dunia hii, sasa alikuwa akimpigania yule wa kule.

Mama alimwangalia. Nilimwomba Mungu mama akatae, mara moja tu maishani mwake akatae. Alisema, "Haya," na akaufunga mdomo.

Mama wa mjini alinigeukia akaniuliza mzee amesema nini. Nilimtikisia kichwa tu. Aliweka finjani juu ya ukuta wa baraza, akamfunika mama miguu kwa upande wa kanga yake, akakaa hapo chini mpaka tulipoondoka. Mama alikufa nyumbani kesho yake, mvua ikiwa imeanza, na magokoro alikuwa akimlowesha midomo kwa kitambaa cha maji. Ulimi wake ulikuwa mkavu kama ngozi iliyoanikwa.

Tulimzika upande wa chini wa nyumba, na mstari wa mwisho wa kahawa ulikuwa hatua chache tu kutoka kaburini. Mvua ile ilipokwisha, miti yote ilichanua kwa pamoja, maua meupe kutoka shina hadi ncha. Watu waliopita njiani walisimama kusifu shamba letu na harufu yake. Mimi nilikuwa nikienda nyuma ya nyumba kutapika. Tata alimwomba bwana shamba aing'oe ile mistari iliyotazama kaburi, akaambiwa kahawa iliyokwisha kuandikishwa haing'olewi hivi hivi na mwenye shamba, na mistari ikabaki. Msimu ulipofika tukachuma. Nilizichuma zile za kaburini mwenyewe, nyekundu tu, moja moja, na sikutia hata moja mdomoni.

Dresa wa Nyakoe nilimkuta sokoni baadaye akimpaka mzee mwingine mafuta kwa mgongo wa chupa. Nilipomwambia mama amekufa, alisikitika, kisha akauliza kama tuna hakika kahawa yetu ilikuwa safi. Nililipindua lile sanduku lake la bati kwa mguu, na vichupa vyake vikabingirika mpaka kwa wauza viazi. Wanawake wawili walinishika. Sikupata nafuu yoyote. Baada ya muda alihama, na nasikia alifanikiwa.

Niliolewa upande wa Ikonge, ambako wakati ule kahawa ilikuwa chache na chai ilikuwa bado haijaingia kwa watu wetu. Niliona afadhali. Mjini nilipita barabara nyingine. Mama wa mjini aliniletea salamu kwa watu, aliniletea hata tende, na mimi sikuweza kupanda tena baraza ile. Magokoro alikufa, na kibuyu chake sikujua kilikwenda wapi. Kuhusu kanisa, nilikwenda kwa sababu mume wangu alikwenda. Nilikaa viti vya nyuma nikiwasikia watu wakiimba juu ya asubuhi ile, na sikuhisi kitu.

Nilikuwa nimeshapata watoto nilipokwenda kumtazama tata, Sabato moja ya kiangazi. Alikuwa amezeeka haraka. Nilikuta wote wamekwenda kanisani, mke wa kaka yangu pamoja na watoto, na yeye amebaki akisingizia magoti. Alinipa kiti. Tuliongea habari za mvua. Kisha akatia mkono kwenye mfuko wa koti akatoa kitambaa kilichofungwa fundo, akakifungua juu ya paja. Ndani mlikuwa na buni kavu, zimeshamenywa moja moja kwa kucha.

"Nipikie," alisema. "Kama alivyopika yule mama wa mjini."

Nilitaka kukataa. Niliviona vidole vyake, kucha zimechanika, nikainuka. Kigae kilikuwa bado kwenye pembe ya jiko. Nilikaanga nikiwa nimeziba pua kwa kanga, nikatwanga, tangawizi nikaipata kando ya kisima. Finjani hatukuwa nazo, nikamtilia kwenye kikombe cha bati. Alikishika kwa mikono miwili. Hakuomba dua, yeye aliyeombea hata maji ya kunawa.

Aliitia mdomoni, akaikalisha humo muda mrefu. Nilingoja akunje uso. Hakukunja. Aliimeza, akatazama ndani ya kikombe, akaonja tena, na mabega yake yakashuka.

"Kumbe ni kitu kidogo hivi," alisema.

Kwa nini nimjibu, na jibu nimekaa nalo miaka yote hiyo bila mtu wa kulipokea? Jogoo wa jirani alikuwa akiparua majani ya migomba chini ya kahawa. Baada ya muda tata aliniuliza, bila kunitazama, "Aliomba kidogo tu, siyo?"

"Kidogo tu, tata."

Alitikisa kichwa. Kikombe kilikuwa kimefika nusu. Alininyoshea, akasema hiyo iliyobaki ni ya mama yako, nenda ukampe. Kuwamwagia wafu kinywaji ni jambo ambalo wazee wasiobatizwa walikuwa wakilifanya, na ambalo tata alihubiri kulipinga maisha yake yote. Niliteremka na kile kikombe mpaka kaburini pale chini, nikaimwaga kahawa upande wa kichwa, polepole, isije ikatiririka. Kisha nikarudi kukiosha kikombe kabla watu hawajatoka kanisani.